Anayeoga Ajifunge Nguo

Wadogo zangu, mlimtuma Bilali aniombe nisimame mbele yenu siku ya kufungua msimu, niseme maneno mawili matatu juu ya kazi ya kupanda mingazi. Alinikuta nakula muhogo. Nikamwambia nitaandika. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaya Asumani, weye uliyekuwa unaamsha mtaa mzima alfajiri?" Ndiyo, mimi huyo huyo, kaka yenu mkubwa. Chini ya mungazi nina sauti. Mbele ya watu waliokaa kwenye viti sina. Basi someni, na anayejua kusoma amsomee mwenzake bila kuruka mistari.

Najua mnaniita mstaafu kwa kunichokoza, maana sina mvi hata moja na mtoto wangu wa kwanza ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Lakini kazi yetu haingoji mvi. Nilianza nilipomaliza darasa la sita hapa Wamaza, na nimeacha msimu uliopita, bega la kulia lilipokataa. Bega likisema basi, ni basi. Wako waliobishana na bega lao, sisi tukaenda kuwaokota.

Mimi sikuwa mpandaji wa kukata ngazi za mboga ya nyumbani. Nilikuwa mpandaji wa mashindano, na Kasongo wanalijua jina langu, Kabambare wanalijua. Kwa mtu wa mjini ambaye karatasi hii itamwangukia, nieleze kidogo. Mungazi ndio mti wa mawese, na ngazi ni matunda yake. Mashamba yake yaliachwa na mababu, wenye nayo ni familia, na familia nyingi hazina mtu wa kupanda. Kwa hiyo msimu ukifunguliwa wapandaji hukutana, hupewa miti ya urefu mmoja, na beseni likigongwa kila mmoja hupanda, hukata mkungu mmoja ulioiva, hushuka. Mguu wa kwanza kugusa chini ndio unaochagua kwanza shamba la kukata mwaka ule. Wa pili huchagua katika yaliyobaki. Wa mwisho hupewa ile mingazi ya kilimani yenye nyoka juu na mikungu midogo kama ngumi ya mtoto. Mwenye shamba huchukua fungu lake, mpandaji lake, na hilo fungu ndilo linalolisha nyumba. Kwa hiyo mlipokuwa wadogo mkiniona nakimbia juu ya mti huku watu wanapiga vigelegele, msifikiri nilikuwa nacheza.

Shamba ninalotaka kuwaambia habari zake ni la Kijitoni. Lilikuwa mikononi mwa Yaya Salumu, mwalimu wangu, na mwaka mmoja lilibaki kidogo limponyoke kwa ajili ya mdomo wangu. Nitafika huko. Kwanza mkanda, kwa sababu naona jinsi mnavyoitupa mikanda yenu chini ya vitanda.

Yaya Salumu alinifundisha mkanda kabla ya kunifundisha mti. Wakati ule ulikuwa wa kamba za msituni zilizosukwa, unazunguka shina pamoja na mgongo wako. Unaegemea nyuma, miguu inasukuma shina, mikono inarusha mkanda juu, wewe unafuata. Kila jioni yeye aliulaza wake ndani ya maji ya kijito, maana kamba kavu huvunjika. Mimi niliona uvivu kwenda kijitoni. Nikautundika wangu juu ya moto jikoni kwa mama, nikasema moshi utautunza kama unavyotunza samaki. Asubuhi Yaya Salumu akasema, "Panda mpaka usawa wa magoti yangu, kisha ruka ruka ndani ya mkanda." Niliruka mara moja. Ulikatika, nikakaa chini juu ya kuti lenye miiba. Hakuninyooshea mkono. Aliuliza tu, "Na samaki, imeiva?"

Tangu siku ile napima mkanda magotini. Mikanda yenu ya mpira wa tairi ya moto, yaani pikipiki, ni mizuri, haikauki, sikatai. Lakini mpira ukilowa mafuta ya ngazi unateleza kama kambale. Paka majivu. Kisha upime magotini, kwa sababu kileleni si mahali pa kupimia kitu.

Msifikiri nilijifunza yote kwa siku moja. Mara ya kwanza nilipopelekwa kushindana Kasongo, karibu na soko, kwenye mingazi ya mzee mmoja tajiri wa bidoni, yale madumu ya mawese, nilitaka sana watu wajue kuwa huku kwetu kuna wapandaji. Beseni likagongwa. Nilipanda kama kindi anayefukuzwa. Nikatazama kushoto, wenzangu bado wako katikati ya shina. Nikashika mkungu, nikapeleka mkono kiunoni kuchomoa panga. Kiuno kilikuwa kitupu.

Ningeweza kusema mara moja nirushiwe kamba iliyofungwa panga, nivute. Lakini niliona haya kusema. Nikajifanya nachagua mkungu. Niliugusa huu, nikaugusa ule, nikaukagua kama mama anayechagua nyanya sokoni. Mwishowe Yaya Salumu akaita kutoka chini, "Asumani, uko unangoja nini?"

"Panga, yaya."

"Iko wapi?"

"Unayo weye mkononi."

Akatazama mkono wake. Watu wa Kasongo nao wakautazama mkono wake. "Basi tumia meno, mdogo wangu," akasema, "maana vitesi unayo, umewapita wote mbio." Nilishuka wa mwisho siku ile, na tuliporudi kwa moto, njia nzima mpaka Wamaza dereva alikuwa akiniuliza kama meno yangu yako salama.

Mara nyingine nilikuwa na panga, nikashuka wa kwanza, na mkungu wangu ulikuwa mbichi. Ushindi ukafutwa. Mpandaji mjinga hutazama juu kutafuta mkungu ulioiva. Mpandaji mwenye akili hutazama chini. Punje zikidondoka shinani, juu kumeiva. Kama chini ni kweupe, hata mkungu uwe mwekundu namna gani, uache. Hili halina ujanja mwingine. Linataka shingo iiname tu, na shingo za wapandaji wengi hazipendi kuinama.

Siku hizi wameleta mingazi mifupi ile inayozaa mtu akiwa amesimama. Nimeiona njia ya Kasongo. Bibi mmoja alikuwa anakata mkungu huku amembeba mjukuu mgongoni, akaniona nimesimama natazama, akasema, "Karibu, bingwa, njoo tushindane." Nilimshukuru, nikaendelea na safari yangu. Mti ule mfupi ni wa heri kwa bega la mtu. Lakini mirefu iliyoachwa na mababu bado ipo na bado inazaa, kwa hiyo bado mnanihitaji kidogo.

Sasa nifike kwa Bilali, ambaye hupanda na muziki masikioni. Bilali, nakupenda, lakini nilikusikia wiki iliyopita hukuita. Ulipanda kimya kama mwizi.

Ninyi mnaona kule kuita ni mambo ya wazee. Mungazi ni mrefu kuliko nyumba zetu zote, na bafu zetu ni ukuta wa majani au wa mabati, juu ni mbingu. Mtu aliye kileleni anaona ndani ya kila bafu la mtaa. Ndiyo maana tangu zamani mpandaji husimama chini, hutaja jina lake, hutaja mti, hungoja kiasi cha mtu kujifunga nguo, ndipo anapanda. Mti hutajwa ili aliye bafuni ajue kama jicho litakuwa upande wake au upande mwingine. Na kila mpandaji ana mwito wake. Wa Yaya Salumu ulikuwa hivi: "Salumu anapanda! Mungazi wa msikitini! Macho nimeyaacha nyumbani!" Wanawake walikuwa wanamjibu kutoka bafuni, "Na ulimi ungeuacha pia!" Mtaa ulianza siku kwa kucheka.

Mimi sikuwa na mwito. Nilikuwa kijana wa kusalimia watu nikitazama vidole vya miguu yangu. Kusimama peke yangu na kupaza jina langu mwenyewe mbele ya mtaa, hapana, afadhali nyoka. Yaya Salumu akanihurumia. Akawa anaita kwa niaba yangu: "Salumu anapanda, na mdogo wake Asumani!" Hata kwenye mashindano alisimama chini ya mti wangu akaniitia, na hakuna aliyelalamika, maana watu walijua jinsi nilivyo. Misimu mitano nilipanda kwa mdomo wa mtu mwingine.

Kisha Yaya Salumu akaanguka. Si kwenye mungazi. Miaka yote ile hakuanguka kwenye mungazi hata mara moja. Alianguka kutoka kwenye pikipiki, njia ya Kabambare, ndani ya tope, akiwa amekaa nyuma ya dereva na kuku wawili mkononi. Kuku walitoka wazima. Yeye nyonga yake ilivunjika, na mganga wa mifupa akasema asikanyage chini mpaka mvua zote zipite.

Ulibaki mwezi mmoja msimu ufunguliwe. Shamba la Kijitoni ndilo lililokuwa linawalisha watoto wake sita na kuwalipia shule, na shamba halirithiwi, hupatikana kwa mbio. Wenye shamba walikuwa Mama Mwamini, mjane wa hapa mtaani, pamoja na shemeji yake Mzee Ramazani, ambaye ndiye alikuwa mwamuzi wa mbio zetu. Yaya Salumu akaniita kando ya mkeka wake.

"Utapanda kwa ajili yangu," akasema. "Nikipona tutagawana. Nisipopona, utawapa watoto fungu langu."

"Ndiyo, yaya."

"Miguu yako inanizidi sasa, hilo halinipi wasiwasi."

Hakusema lililompa wasiwasi. Nami sikuuliza, kwa sababu nililijua.

Siku ya mbio alikuja Sefu wa Kabambare. Wakubwa kati yenu mnamkumbuka: mrefu, kofia nyekundu, anaongea hata akiwa anakunywa maji. Alitaka Kijitoni na hakuficha. Alinikuta napaka majivu mkanda wangu.

"Weye ndiye mdogo wa Salumu?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Nasikia huwa husemi. Ni kweli, au unaandika kwenye karatasi?"

Wenzake wakacheka. Mimi nilipima mkanda magotini, nikaazimia kumshinda kwa kiasi cha mtu kujifunga nguo mbili.

Tulipewa miti pale pale Kijitoni. Sefu alipata mungazi wa kijitoni wenyewe, unaotazama majini. Mimi nilipata ule wa mwisho upande wa nyumba ya Mama Mwamini, nao jina lake ni mungazi wa bafuni. Nadhani hamhitaji maelezo. Mama Mwamini alikuwa amepika tangu alfajiri kwa ajili ya wageni wote, moshi umemjaa. Alipoona watu wote wameelekea kwenye mbio akachukua ndoo yake, akaingia kuoga haraka ili aje kushuhudia akiwa mtu.

Beseni likagongwa. Sefu akaanza kuita. Alitaja jina lake, la baba yake, la babu yake, kijiji alikooa na kijiji anakofikiri kuoa, mwishowe akataja mungazi wa kijitoni. Mama Mwamini ndani ya bafu akasikia "kijitoni", akajua jicho liko upande wa maji, akajipaka sabuni kichwani kwa utulivu.

Nami nikafungua mdomo. Hewa ilitoka, jina halikutoka. Kijiji kizima kilikuwa kinapiga kelele, Mzee Ramazani alikuwa amesimama mbali kwenye kivuli akitutazama. Hapo nikafanya jambo ambalo sijawahi kuwasimulia kwa mdomo wangu. Nilitikisa midomo. Niliitikisa kama mtu anayeita, nikangoja kidogo kama mtu aliyeita, nikapanda.

Na nilipanda vizuri! Uongo ulikuwa umenipa mbawa. Nilikata kuti la chini, nikakata shina la mkungu kwa mapigo matatu, ukaenda chini na punje zikatawanyika. Nikageuka kutazama Sefu amefika wapi. Katika kugeuka macho yangu yakapita juu ya bafu. Niliona povu jeupe tu, na ndani ya povu jicho moja lililokuwa linanitazama mimi.

Sijawahi kusikia mayowe ya namna ile. "Nani huko juu? Nani huko juuu?"

"Ni mimi, mama!" Angalieni sasa: hapo sauti ilipatikana.

"Mimi nani? Funga macho!"

"Nimefunga, mama!"

"Muongo! Kama umefunga, mbona umegeukia huku?"

Bakuli la kuogea likaruka likagonga shina. Nilishuka nikiwa nimefumba macho kweli. Msijaribu, shina lilinichubua kifua chote. Mguu wangu uligusa chini kabla ya wa Sefu, watu wakaanza kunibeba. Wakaniweka chini walipomwona Mama Mwamini anakuja amejifunga vitenge viwili, sabuni bado iko nyuma ya masikio.

"Shemeji," akamwambia Mzee Ramazani, "huyu mutoto aliita?"

Mzee Ramazani akakuna kidevu. "Niliona mdomo wake unatembea."

"Mdomo wa mbuzi nao unatembea! Nauliza, aliita?" Akageukia watu. "Nani alisikia jina lake? Anyooshe mkono."

Mikono yote ilibaki chini. Mama yangu mzazi alikuwepo pale, na mkono wake ulikuwa chini pia.

"Asumani," akasema Mzee Ramazani, "uliita?"

"Nilitikisa midomo, mzee."

Nilisema kidogo kidogo, lakini hilo walilisikia wote.

Hukumu haikuchukua muda. Ushindi ukaenda kwa Sefu. Mzee mmoja akasema mimi nisipewe shamba lolote, hata la kilimani, kwa sababu mpandaji asiyeita ni mpelelezi, na mwenzake akasema mkanda wangu ukatwe. Nilikuwa nimesimama natazama vidole vyangu vya miguu na kuwaona watoto sita wa Yaya Salumu katikati ya kila kidole.

"Sefu," akasema Mzee Ramazani, "chagua."

Kila mtu alijua atasema Kijitoni. Sefu akavua kofia. Akatazama mingazi ya Kijitoni ilivyojaa. Akatazama ule wa mwisho, akatazama bafu chini yake, akamtazama Mama Mwamini, ambaye alikuwa ameliokota bakuli lake na kulishika.

"Chagua, mwanangu," akasema Mama Mwamini kwa upole. "Lile shamba ni zuri. Mimi naoga asubuhi na jioni."

Sefu akarudi nyuma hatua moja. "Shamba ni zuri, mama, lakini lina mdomo. Mi nitachukua la ng'ambo ya maji."

Watu walicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Wengine wanasema Sefu aliogopa. Mimi nilimwona alivyonitupia jicho kabla ya kuvaa kofia yake, na sina hakika. Sijawahi kumuuliza, naye, kwa mara moja katika maisha yake, hajawahi kusema.

Ikabaki zamu ya wa pili, na wa pili nilikuwa mimi, kama bado nilikuwa mpandaji. Mzee Ramazani akamtazama shemeji yake. Aliyekosewa ndiye anayesema, ndiyo desturi.

Mama Mwamini alinizunguka mara moja kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. "Huyu aje kesho asubuhi," akasema. "Nitakuwa bafuni. Asimame chini ya mungazi wangu aite, peke yake, bila Salumu. Nikimsikia, Kijitoni ni lake. Nisipomsikia, aende akalime muhogo."

Jioni nilikwenda kwa Yaya Salumu. Alikuwa ameshapata habari, hapa habari zina miguu kuliko sisi. Nilitegemea anicheke, nami ningefurahi angenicheka. Hakunicheka.

"Kosa ni langu," akasema. "Niliita kwa ajili yako nikadhani nakusaidia. Ni kama nilikubeba mgongoni misimu mitano, sasa nakushangaa hujui kutembea."

"Yaya, na kesho je?"

"Kesho mimi nitakuwa hapa kwenye mkeka." Akageuza uso upande wa ukuta. "Ita tu jina lako. Si jina baya. Mama yako hakukuokota nalo njiani."

Sikulala vizuri. Alfajiri nilichukua mkanda, nikapitia njia ya nyuma ya nyumba ili nisikutane na watu. Kumbe watu walikuwa wameamka mapema kuliko mimi. Kando ya uzio kulikuwa na wanawake wenye ndoo ambazo hazikuwa na maji wala haja ya maji. Wavulana walikuwa juu ya miembe. Mama yangu alikuwa anafagia uwanja ambao si wake. Hakuna aliyenitazama, wote walikuwa na kazi. Ng'ambo ya kijito kofia nyekundu ilikuwa imekaa juu ya gogo.

Ndani ya bafu maji yalisikika, kisha yakanyamaza.

Nilisimama chini ya mungazi. Nilipima mkanda magotini mara nne. Nikapaka majivu ambayo tayari yalikuwepo. Hakukuwa na kingine cha kufanya.

"Asumani anapanda," nikasema.

Ilikuwa sauti ya kifaranga. Mvulana mmoja juu ya mwembe alicheka akapigwa kofi na mwenzake. Bafuni, kimya.

Nikavuta pumzi. "Asumani anapanda! Mungazi wa bafuni!"

Kuku mmoja aliinua kichwa. Bafuni, kimya. Niliona mfagio wa mama yangu umesimama. Nikafikiri juu ya Yaya Salumu anayetazama ukuta, na watoto wake ambao saa ile walikuwa wanavaa mashati ya shule, wadogo wawili wakigombea kiatu. Kama mwanamke yule hasikii sasa, mashati yale yatakuwa ya kulimia. Sijui hasira ilitoka wapi. Ilikuwa hasira juu yangu mwenyewe, nayo ilipanda kutoka tumboni ikalibeba jina langu.

"ASUMANI ANAPANDA! MUNGAZI WA BAFUNI! ANAYEOGA AJIFUNGE NGUO!"

Ndege wote waliokuwa kwenye makuti waliruka. Mbwa wa mtaa wa pili wakajibu. Kutoka ng'ambo ya maji Sefu akasimama juu ya gogo akapunga kofia: "Hata Kabambare wamesikia, ndugu yangu!" Wanawake wakapiga ndoo zao tupu, na mama yangu akakaa chini palepale juu ya takataka alizozifagia.

Bafuni bado kimya. Nikangoja. Nilingoja kiasi cha mtu kujifunga nguo, nikangoja tena kiasi kingine. Mwishowe maji yakamwagika, na sauti ya Mama Mwamini ikatoka juu ya ukuta wa majani, bila haraka yoyote.

"Nilikusikia tangu ile ya kwanza. Panda, mutoto wangu."